Kinu cha Haraka

Sifuri ilipotokea kwenye kompyuta ya maabara, watu wote walipiga makofi isipokuwa Loyce. Na mawe yalikuwa yake! Yeye ndiye aliyeyafuata kwenye meli ya utafiti, akatapika tangu walipong'oa nanga mpaka waliporudi bandarini. Yeye ndiye aliyekaa na msumeno wa maabara akiyamenya ganda lililoliwa na maji ya chumvi, mpaka kila jiwe likabaki kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Leo wenzake wanampongeza bosi wao, na yeye anatabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani.

Tuelezane kidogo, maana bila hili hutaelewa kwa nini mtu alie kwa ajili ya sifuri. Chini ya Pasifiki, upande wa magharibi, kuna uwanda wa volkeno mkubwa kuliko nchi nyingi zenye bendera. Umelala gizani, maji yameufunika, hakuna anayeuona. Haukujengwa na mlima mmoja. Ni zaha juu ya zaha, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyomwagika zaidi ya miaka milioni mia moja iliyopita, nyingi kupita kiasi. Sasa swali: moto wote huo ulitoka wapi?

Loyce alikuwa na jibu lake tangu alipokuwa msaidizi wa mhadhiri kule nyumbani Tanzania. Alisema ulitoka chini kabisa, mpakani mwa kiini cha dunia. Mwamba wenye joto kali ulijikusanya huko, ukapanda polepole kwa mamilioni ya miaka kama nguzo, na kichwa cha nguzo kilipofika chini ya sakafu ya bahari kikatandaa, kikayeyuka, kikamwaga uwanda mzima. Profesa Liang, msimamizi wake pale Guangzhou, China, alikuwa akiandika tangu Loyce anavaa sare za shule ya msingi kwamba hakuna nguzo wala nini. Sakafu ya bahari ilipasuka tu, akasema, na zaha ikatoka hapo hapo karibu.

Kipimo cha kuwaamua kilikuwa metali iitwayo tungsteni. Kiini cha dunia kina tungsteni ya namna yake, imepungukiwa kidogo sana aina moja ya atomi. Kama moto wa ule uwanda ulianzia kule, basi mawe yake yatakuwa na upungufu huo. Yasipokuwa nao, yakitoa sifuri, nguzo ya Loyce haipo na Profesa Liang ameshinda.

"Nionyeshe upungufu," Profesa alimwambia siku ya kwanza, "nami nitaandika kwa mkono wangu kwamba nilikosea." Alikuwa mama mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi. Wanafunzi walimwita laoban, yaani bosi, na kwa adabu kabisa. Loyce alimwamini. Alimwamini mpaka siku ya sifuri, na hata siku hiyo hakuwa na sababu ya kumlaumu. Mashine imesema, imesema.

Na kusema kweli, sifuri haikumnyima kitu. Shahada ya uzamivu huipati kwa kushinda ubishi, unaipata kwa kupima vizuri. Laoban alifurahi, makala ikaanza kuandikwa, jina la Loyce likawekwa la kwanza. Kule nyumbani chuo kilikuwa kimemwekea nafasi ya uhadhiri kwa sharti moja, arudi na udaktari. Angeweza kufunga mabegi akaenda zake kwa amani.

Tatizo ni kwamba Loyce ni mtu wa kurudia rudia. Wenzake wakila chakula cha mchana, yeye alibaki anapanga majedwali ya makala, safu hii pembeni ya ile, na ndipo alipoona kobalti, metali nyingine. Kobalti ilikuwa nyingi mno. Na haikuwa nyingi ovyo: jiwe lenye tungsteni nyingi lilikuwa na kobalti nyingi, jiwe lenye tungsteni kidogo lilikuwa na kobalti kidogo, kama mapacha walioshikana mikono. Akakumbuka vinu.

Chumba cha kusagia mawe kilikuwa na vinu viwili. Kimoja ni cha akiki, jiwe gumu lisilo na metali, cha polepole, jiwe moja linaweza kukulia asubuhi nzima. Kingine wanafunzi walikiita kinu cha haraka, chombo kizito cha tungsteni iliyogandishwa kwa kobalti. Unatia jiwe, unabonyeza, ukipiga chafya mara mbili umeshapata unga. Kwa kazi nyingi kinafaa sana. Lakini kila mwanafunzi, hata yule wa juzi, huambiwa mlangoni kwamba anayetafuta tungsteni hasagi kwenye tungsteni. Ni sawa na kupima chumvi ya mchuzi huku unaukoroga kwa mwiko wa chumvi. Tungsteni ya kinu ni ya kawaida, haina upungufu wowote. Ikiingia kwenye unga inaumeza ule upungufu mdogo wa jiwe, na mashine itakupa nini? Sifuri.

Loyce hakuyasaga mawe yale. Aliyasaga Medard.

Medard alikuwa mchumba wake. Mchaga wa Kibosho, mrefu, mcheshi, naye akisomea udaktari maabara ile ile, ila mawe yake yalikuwa matale, yaani graniti, ya bara, na hayakuhusiana na tungsteni. Kwa hiyo yeye kinu cha haraka kilikuwa rafiki yake wa kila siku. Mwaka mmoja nyuma, habari ilipokuja kwamba mama yake Loyce amefariki kule Same, Upareni, Medard ndiye aliyemsindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun, akambebea begi, akamshika mabega na kumwambia, "Mawe niachie mimi, mama. Wewe nenda ukamzike mzazi." Mashine ya kupimia ilikuwa imeshapangiwa zamu, mawe yalitakiwa yawe unga. Loyce alilia begani kwake kwa huzuni na kwa shukrani. Hakumkumbusha habari ya vinu. Nani anamkumbusha mpishi kuosha mchele?

Mchana huo wa kobalti hakula. Alipanda metro mpaka Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, maana alijua Medard yuko huko. Kama wanafunzi wengi wanaojua Kichina, Medard alikuwa akiwatafsiria wafanyabiashara wanaokuja kununua mzigo, na wiki hiyo alikuwa na Mueni, mama wa Kikenya anayeuza mikoba Nairobi. Aliwakuta kwa wakala wa mizigo, wamezungukwa na marobota, Mueni amekalia robota moja anakunywa chai.

"Medi," Loyce alisema bila salamu, "yale mawe yangu uliyasagia kinu gani?"

Medard hakuuliza mawe yapi. Hilo Loyce alilikumbuka baadaye. Alijibu mara moja, "Akiki. Si ulijua? Akiki, mama."

"Mawe yote?"

"Yote."

Mueni akacheka, akamgeukia Loyce kwa upole kabisa. "Wewe ndio yule bibi ya mawe! Aki huyu kijana anakupenda. Mwaka jana, ile siku tulikuwa tunaenda kule viwandani Shiling kuchukua mikoba, gari imeshafika, mimi nimeshakasirika, yeye anakuja mbio amejaa vumbi mpaka kwa nyusi. Akaniambia, pole mathe, nilikuwa namalizia mawe ya mchumba wangu, nimeyasaga yote asubuhi hii hii chap chap ndio tusichelewe." Akanywa chai. "Mzee wangu hata kuosha kikombe hawezi!"

Mawe yote, asubuhi moja. Kinu cha akiki kingehitaji wiki kadhaa. Loyce alimtazama Medard, naye Medard akawa anasoma maandishi ya Kichina kwenye robota kana kwamba ndiyo kwanza anajifunza.

Walitoka nje kwenye kelele za magari.

"Nilisahau," Medard alisema. "Naapa kwa Mungu, Loyce, mkono ulijiendea tu wenyewe. Kila siku nasaga pale."

"Sawa. Ulisahau. Ulikuja kukumbuka lini?"

Medard akaanza kutafuta simu mfukoni.

"Medard, nakuuliza. Lini?"

"Uliporudi kutoka msibani."

Jamani! Kosa la kinu Loyce angelimeza. Angelia, angetukana, angelimeza, maana mtu huchoka na mtu husahau. Lakini aliporudi kutoka msibani ule unga ulikuwa bado kwenye vichupa, hakijapimwa hata kimoja. Baada ya hapo alikaa mwaka mzima akiuyeyusha kwa asidi, akiuchuja, mikono imekauka kwa glavu, na huyu bwana alikuwa meza ya pili kutoka kwake. Alikuwa akimletea maandazi. Alikuwa akimuuliza, "Vipi, kazi inakwenda?" Siku ya sifuri alimfuta machozi kwa leso yake, akamwambia sayansi ndivyo ilivyo. Anajua! Anafuta machozi na anajua!

"Ungeniambia," Loyce alisema.

"Ningekuambiaje? Ulikuwa umetoka kuzika. Halafu siku zikaenda." Akamsogelea. "Na sasa hivi kuna ubaya gani? Laoban amefurahi, makala inatoka, wewe unapata udaktari wako, mimi natetea tasnifu yangu mwezi ujao, tunarudi nyumbani tunaoana. Nani anaumia? Uwanda uko chini ya bahari, haumdai mtu."

"Si kweli, Medi. Tutakuwa tumeandika uongo, watu watausoma na kuufundisha."

"Ukweli wenyewe unaujua? Labda hata ungesaga kwenye akiki ingekuwa sifuri vilevile."

Hapo alimchoma, maana kweli hakujua. Labda upungufu ulikuwepo, labda haukuwepo. Mawe yameisha, hayakubaki hata ya kushika mkononi, na meli haikuwa na safari nyingine ya kwenda kule. Swali alilolibeba tangu ujana wake lilikuwa limesagwa asubuhi moja ili watu wawahi mikoba.

Bado alimpenda, na mapenzi yakamfanya mjinga. Badala ya kwenda kwa Profesa papo hapo, alimpa nafasi. "Nenda wewe mwenyewe ukamwambie," alisema. "Usingoje nikusemee. Ukisema mwenyewe utabaki mwanamume. Mpaka Jumatatu." Medard akamshika mikono yote miwili, akaitikia kwa kichwa, macho yamemjaa machozi. Loyce aliondoka pale akiona amefanya jambo la heshima.

Jumatatu Profesa Liang alimwita ofisini. Kulikuwa na chai mezani ambayo hakuna aliyeigusa.

"Medard alikuja jana nyumbani kwangu," Profesa alisema. "Ameeleza yote. Amesema alikuuliza kwa simu atumie kinu gani, wewe ukamjibu chochote, mradi afanye haraka."

Loyce alitikisa kichwa. "Hakuniuliza kinu."

"Ulimwambia afanye haraka?"

Na alimwambia! Kutoka Same, na maturubai ya msiba bado hayajashushwa, alimtumia ujumbe wa sauti: Medi, nisaidie kusaga haraka, haraka tafadhali, nikirudi sitakuwa na nguvu. Neno haraka lilikuwemo, tena mara mbili. "Nilisema haraka," alikiri, "lakini habari ya kinu..."

"Mtu mmoja anasema uliulizwa, mtu mmoja anasema hukuulizwa. Mimi sikuwepo." Profesa alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee. "Lakini mawe yalikuwa yako. Ulirudi ukapokea unga, ukaupima mwaka mzima bila kukagua ulisagwaje. Hilo ni lako, halina mtu mwingine. Na mimi langu ni kwamba niliitaka sana ile sifuri, ndiyo maana kobalti sikuitazama. Makala nimeiondoa asubuhi hii."

"Na shahada yangu?"

"Hakuna matokeo. Ufadhili wako unaisha kiangazi. Nitakusaidia upate cheti cha uzamili, uondoke na kitu."

Uzamili alikuwa nao tayari, aliupata nyumbani. Hakumwambia. Hakumchukia mama yule hata kidogo. Alikuwa ameitupa sifuri yake mwenyewe kwa haki, bila kungoja kusukumwa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba mtu mwadilifu ndiye aliyemhukumu, na alimhukumu kwa maneno ya mwongo.

Habari husafiri. Wiki haikuisha kabla ya Watanzania wote wa Guangzhou kujua kwamba Loyce ameharibu sampuli zake mwenyewe, na kwamba Medard, kijana wa watu, alikwenda kuungama kwa niaba yake ili amwokoe. Walimpa pole kwenye korido. Dada mmoja alimwambia amshukuru Mungu kwa kumpa mwanamume wa namna hiyo. Loyce akifungua kinywa kueleza habari ya kobalti, watu waliangalia simu zao.

Medard alitetea tasnifu yake, akapita vizuri. Sherehe ikawekwa Jumapili mchana kwenye mkahawa mmoja wa Xiaobei unaopika pilau. Alikuwa amempigia Loyce simu kila siku na hakupokelewa, lakini hakumwambia mtu kwamba uchumba umetetereka, na Loyce naye hakusema. Alikuwa na sababu. Alitaka siku moja, watu wote wakiwa wamekaa pamoja, aseme mara moja tu, wamsikie. Udaktari ulikwisha kwenda. Jina lake kama mtu anayejua kazi yake ndilo alilotaka kurudi nalo nyumbani.

Alivaa kitenge, akaenda.

Sherehe ilikuwa imechangamka. Abdulrazak, mwenyekiti wa wanafunzi, ndiye aliyeshika kipaza sauti, na alikuwa amefungua uwanja wa utani. Wachaga na Wapare walipewa nafasi ya mbele, maana ndio watani, na mtani hakasirikiwi kwa lolote analosema, na bwana harusi mtarajiwa ni Mchaga na bibi harusi ni Mpare. Nani angeacha nafasi hiyo ipite? Wapare wakasema Mchaga akizimia usimmwagie maji, dondosha sarafu pembeni ya sikio lake. Wachaga wakajibu kwamba Mpare aliuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Watu walikuwa hoi kwa kicheko.

"Sasa!" Abdulrazak akapaza sauti. "Tumsikie mchumba. Mpare wetu, toa neno kwa Dokta!"

Loyce alisimama. Kipaza sauti kilikuwa na jasho la watu. Medard, meza ya mbele, aliacha kutafuna.

"Jina langu Loyce," alianza, "mnanijua. Nilikuwa na mawe kutoka chini ya Pasifiki. Nilikwenda kumzika mama yangu, nikamwachia huyu ayasage. Akayasaga kwenye kinu kisichofaa kwa sababu alikuwa anawahi gari la Shiling."

"Kuwahi biashara!" mtu akapiga kelele. "Mchaga huyo!" Ukumbi ukalipuka.

Alingoja watulie. "Mimi sicheki. Alijua kwamba ameyaharibu, akanyamaza mwaka mzima akiniangalia nafanya kazi ya bure. Nilipogundua, nikamwambia akaseme ukweli. Akaenda kwa Profesa akasema mimi ndiye niliyemtuma. Amevaa shahada yake leo kwa kunivua mimi yangu. Huyu ni mwongo. Nasema mbele yenu nyote, Medard ni mwongo."

Kukawa na kimya kidogo sana, kimya ambacho Loyce alidhani ndicho alichokuwa akikitafuta. Kisha kutoka nyuma sauti ya kike ikasema, "Haya, Mpare kafungua kesi!"

Mungu wangu, kilichofuata! Watu walipiga meza. Mmoja aliinuka akadai awe hakimu. Mwingine akasema mlalamikaji alete ng'ombe wa gharama. Abdulrazak alikuwa amejishika mbavu, machozi yanamtoka, akisema tangu afike China hajawahi kusikia utani uliopikwa ukaiva namna hii. Loyce alisema tena, "Sitanii," na neno hilo ndilo lililowamaliza kabisa. Akalirudia kwa nguvu, na waliokaribia kupumua wakaanza upya.

Alimtafuta Medard kwa macho. Kwa muda Medard alikuwa amekaa uso umemkakamaa, kama mtu anayengoja kofi. Kisha alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona meno ya watu. Taratibu naye akaanza kucheka. Akasimama, akapiga makofi juu ya kichwa, akasema kwa sauti kubwa kuliko wote, "Mtani wangu! Nimekubali! Nimeshindwa kesi!"

Akaja mpaka pale aliposimama, akamkumbatia mbele ya simu zote zilizokuwa zikirekodi. Akaweka mdomo sikioni kwake, akamnong'oneza kwa sauti ya dhati kabisa, sauti ile ile ya uwanja wa ndege wa Baiyun:

"Asante, mama. Umeniokoa."

Loyce alimsukuma kwa mikono yote miwili, akatupa kipaza sauti, akapita katikati ya meza kuelekea kwenye ngazi. Hakuna aliyemzuia. Walimfungulia njia huku wakipiga vigelegele, na mpaka anafika mtaani alikuwa bado anawasikia juu wakiimba kwamba Mpare kanuna, Mpare kanuna.